Makopa Chini ya Kitanda

Kila asubuhi Dorika aliamshwa na sauti ile ile: kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa sauti ya kisu cha bibi yake, Bibi Josephina, kikikwangua makopa. Makopa ni mihogo iliyomenywa na kukaushwa, nayo ndiyo iliyowalisha mwaka mzima katika kijiji chao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Chilangala, wilayani Newala. Bibi alikaa kwenye kigoda chumbani mwake, akakwangua kuvu ya kijani na nyeusi, akagonganisha vipande viwili viwili ili vumbi lidondoke, kisha akavitia kwenye ungo. Ungo ukijaa, alimwita Dorika akatwange.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, kisu kilinyamaza ghafla. Dorika alikuwa jikoni anachochea moto wa uji. Akasubiri. Badala ya kisu akasikia kikohozi kirefu, kisha kigoda kikianguka.

Alimkuta Bibi ameshikilia ukingo wa kitanda. Kwenye pindo la kanga yake palikuwa na damu.

"Usipige kelele," Bibi alisema. "Ni vumbi tu."

Lakini mama yake Dorika alikuwa tayari mlangoni. Aliitazama damu. Akalitazama dirisha lililozibwa kwa matambara. Kisha akageukia upande wa shamba la jirani, ambako mashine ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri.

"Ni Ashiru," alisema kwa sauti ya chini. "Salfa yake imemfikia mama."

Mzee Ashiru alikuwa jirani yao wa miaka mingi. Mikorosho yake ilianza hatua ishirini tu kutoka dirisha la Bibi. Kila mwaka mikorosho ilipoanza kuchanua, alibeba bomba la injini mgongoni alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, akapuliza salfa, ule unga wa njano unaozuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, usiharibu maua. Zamani Bibi hakujali. Mwaka huu upepo uliangusha unga kidogo kwenye uchanja wake wa makopa, wakagombana.

Tangu siku hiyo Bibi hakumwamini tena. Alisema Ashiru anamlenga makusudi ili ahame. Makopa yake yalikuwa hayajakauka vizuri, lakini aliyaingiza ndani yote, akayasukuma chini ya kitanda, akaziba dirisha kwa magunia na matambara. Chumba kikawa na giza na harufu ya ubichi. Kuvu ikaota upesi. Bibi alikwangua, akaendelea kulala humo humo.

Siku ile ya damu, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Erasto, alikuja kabla jua halijapanda. Alivua kofia, akakaa kwenye jamvi.

"Mama Dorika, pole. Mgonjwa alikula nini jana?"

"Ugali na mlenda, kama sisi sote."

"Na dawa je? Kuna dawa yoyote anatumia?"

"Hakuna," Mama alijibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Au wewe umeona kitu?"

Dorika alihisi masikio yakipata moto. Ndiyo, alikuwa ameona kitu. Tangu mwaka jana, kila siku ya mnada, Bibi alimtuma kwa siri kwa mtu mmoja aliyeuza vidonge kutoka kwenye ndoo ya plastiki. Mtu huyo hakuwa na duka wala jina. Vidonge vyake vidogo alivifunga kwenye karatasi ya daftari, akasema, "Hivi ni vya viungo, bibi yako atacheza ngoma." Na kweli, magoti ya Bibi yaliacha kuuma. Mashavu yake yakajaa yakawa mviringo, hata wanawake kisimani wakauliza anakula nini kitamu. Lakini Mama alikuwa ameapa kwamba kitu kutoka ndoo ile hakitaingia nyumbani kwake. Kwa hiyo Bibi alimshika Dorika mkono, akamwambia, "Hii ni siri yangu na yako. Mama yako akijua, nitarudi kutambaa kama mtoto mchanga."

Sasa watu wazima wawili walikuwa wanamtazama.

"Nilimwona Babu Ashiru," Dorika alisema. "Alielekeza bomba dirishani kwa Bibi."

Hakuwa amemwona. Alikuwa amesikia mashine tu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Mchana ule ule Mzee Ashiru aliambiwa aweke bomba chini mpaka jambo liamuliwe. Hakubishana. Aliuliza tu, "Nani aliniona?" Mzee Erasto alipomjibu, mzee yule aliegemeza bomba kwenye shina la mkorosho, akaingia ndani.

*

Muuguzi wa zahanati alimsikiliza Bibi kifua, akasema wasipoteze muda, wampeleke hospitali ya misheni Ndanda. Wakaanza kufunga mizigo. Wakati Mama anakunja mkeka, Khalidi alitokea uani amebeba kikapu. Khalidi alikuwa mjukuu wa Mzee Ashiru, naye alikaa dawati moja na Dorika darasa la sita.

"Shikamoo, mama. Babu amesema hivi ni vya mgonjwa."

Yalikuwa mayai kumi, yamelazwa kwenye pumba.

"Marahaba. Mwambie asante," Mama alisema. Khalidi alipogeuka tu, akamnong'oneza Dorika, "Yafukie nyuma ya choo. Hatujui yametiwa nini."

"Mama, yai linatiwaje kitu?"

"Fanya nilivyokwambia!"

Dorika alichimba shimo. Alipoinua macho, Khalidi alikuwa amesimama nyuma ya mkorosho, anamwangalia.

"Kumbe mnafukia!" alisema. "Hayo ni ya tetea wangu, nilikuwa nimemwekea aatamie. Haya, mwagilieni maji, labda yataota miti ya kuku."

Dorika angecheka siku nyingine. Siku hiyo hakucheka, na Khalidi naye hakucheka.

"Dorika, babu ana macho mabovu. Alfajiri hata kichwa cha bomba hakioni. Wewe ulimwona saa ngapi?"

"Nilimwona," Dorika alijibu, akafukia haraka haraka.

*

Njiani kutoka Newala kwenda Masasi, na kutoka Masasi kwenda Ndanda, Bibi aliegemea bega la Mama. Hospitalini alipigwa picha ya kifua na makohozi yake yakachukuliwa. Daktari wa wodi aliitwa Gwakisa. Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na kila alipouliza swali alisubiri jibu kwa muda mrefu kuliko watu wengine.

"Bibi, shikamoo. Kuna dawa umekuwa ukitumia nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna."

"Hata za mitishamba? Hata za dukani?"

"Hakuna."

Daktari alimtazama Bibi usoni, kwenye mashavu yale ya mviringo. Akaushika mkono wake, ambao ulikuwa mwembamba na wenye madoa ya zambarau, kama ulioumia bila kugongwa. Kisha macho yake yakahamia kwa Dorika, yakatulia hapo. Dorika alijifanya kufunga kamba ya kandambili.

Majibu yalisema si kifua kikuu. Wakampa Bibi dawa za nimonia. Siku tatu zikapita. Bibi hakupata nafuu. Homa ilipanda, pumzi ikawa fupi. Mama alianza kushuku kila kitu: uji wa jirani wa kitanda, dirisha, hata mwanamke mgeni aliyeuliza wametoka wapi. "Mkono wa Ashiru ni mrefu," alisema.

Dorika naye alikuwa na shuku yake, lakini ilikuwa inamtazama yeye mwenyewe. Kwa maana kila asubuhi, Mama alipokwenda kuteka maji, Bibi alifumbua macho na kunyoosha kiganja chini ya shuka. Dorika alifungua pindo la kanga yake, akatoa kile kikaratasi cha daftari, akamwekea kidonge kimoja. Bibi alikimeza kwa kijiko cha uji. Usiseme, macho yake yalisema.

Asubuhi ya nne Bibi hakuweza kunyoosha kiganja. Midomo yake tu ndiyo ilifunguka, ikasubiri.

Dorika alibaki na kidonge mkononi. Alikirudisha kwenye karatasi, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Hapo ndipo Daktari Gwakisa alipomkuta. Hakumsimamia. Alikaa pembeni yake kama mtu aliyechoka.

"Unaitwa Dorika, siyo? Leo nimeyaangalia tena makohozi ya bibi yako kwa darubini. Safari hii nimeona nyuzi nyembamba zenye matawi. Ni kuvu, Dorika. Kuvu imeota ndani ya mapafu yake."

"Kuvu? Kama ya kwenye makopa?"

Daktari aligeuka upesi. "Makopa gani?"

Dorika akamweleza: chini ya kitanda, dirisha lililozibwa, kisu, vumbi la kijani. Daktari alisikiliza, lakini uso wake haukuridhika.

"Hapo nimejua adui alitoka wapi. Lakini vumbi la kuvu sote tunalivuta kila siku, mimi na wewe pia, na hatuugui. Kifuani mna walinzi. Nataka kujua nani aliwalaza usingizi walinzi wa bibi yako."

Dorika alitazama chini. Nzi alitembea juu ya kidole chake cha mguu. Alimwacha atembee.

"Nikisema, nitakuwa nimevunja ahadi," alisema.

"Ahadi ya nani?"

"Ya Bibi."

"Na Bibi anaendeleaje?"

Dorika alilia. Kisha akafungua pindo la kanga na kuweka kikaratasi kwenye kiganja cha daktari. "Ni mimi ninayempa," alisema. "Kila siku. Hata hapa."

*

Mama alipoitwa na kuonyeshwa vidonge, aliinua mkono kama anayetaka kupiga, kisha akaushusha, akajifunika uso kwa kanga. Daktari Gwakisa aliwaketisha wote wawili.

"Vidonge hivi ni dawa kali. Tuna wagonjwa tunaowapa sisi wenyewe, kwa kipimo na kwa uangalizi. Vinatuliza maumivu upesi, ndiyo maana watu wanavipenda. Lakini mtu akivimeza miezi mingi bila kupimwa, vinawatuliza na walinzi wa mwili."

"Walinzi gani hao, daktari?" Mama aliuliza. Sauti yake bado ilikuwa na wasiwasi, kama anayeogopa kudanganywa.

Daktari alifikiri kidogo. "Nyumbani mnafuga kuku?"

"Tunao."

"Mvua zikianza, kumbikumbi wakitoka ardhini, kuku wanafanyaje?"

"Wanawala," Dorika alijibu. "Mmoja mmoja, mlangoni pale pale."

"Basi. Ndani kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa, kuna chembe hai ambazo kazi yake ni kama ya kuku hao. Zinatembea taratibu na kula kila vumbi na kila mbegu ya kuvu inayoingia, kabla haijaota. Mbegu chache zikiponyoka na kuanza kuota nyuzi, chembe hizo hupeleka habari, na kundi la pili huja mbio kutoka kwenye damu. Ni chembe nyeupe za damu. Hizo huja kama siafu, zinauvamia uzi wa kuvu na kuuharibu. Kwa mtu mzima wa afya, vita hii inaisha bila hata kikohozi."

"Na kwa Bibi?"

"Umewahi kuona kuku aliyedonoa mabibo yaliyochacha?"

Dorika alitabasamu kidogo katikati ya machozi. Kila mtoto wa Newala alikuwa amemwona. "Anayumba. Kumbikumbi anampita mbele ya mdomo, anamwangalia tu."

"Ndivyo walivyofanywa walinzi wa bibi yako. Kuvu walikuwa wanaimeza, lakini nguvu ya kuiua hawakuwa nayo. Na yeye alikuwa analala juu ya kuvu, anaikwangua na kuvuta vumbi lake kila asubuhi, kwenye chumba kisicho na hewa. Adui alikuwa maelfu, na walinzi wamelewa."

"Kwa hiyo salfa..." Mama hakumaliza.

"Salfa huwasha macho na koo, na anayeipuliza anapaswa kufunga pua na mdomo na kuangalia upepo. Lakini salfa haioti nyuzi mapafuni, Mama Dorika. Huyo jirani hakuhusika."

Mama alitazama vidonge kwenye kiganja cha daktari.

"Sasa nitambadilishia dawa. Dawa za nimonia haziui kuvu. Ataanza dawa za kuvu, na atazitumia miezi mingi. Vidonge hivi navyo hatutavikata ghafla, maana mwili umevizoea. Tutavipunguza kidogo kidogo. Siwaahidi kitu. Lakini kama binti yako angekaa kimya siku chache zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

*

Siku sita hakuna aliyejua kama Bibi atapona. Ya saba homa ilishuka. Ya kumi Bibi aliomba samaki, akalalamika kwamba hospitali haijui kuweka chumvi, na Mama akatoka nje ya wodi ili akalie vizuri.

Dorika alikiri kwa Bibi kwamba amevunja ahadi. Bibi alimwashiria asogee.

"Mimi ndiye niliyekosea kukuomba," alisema. "Mtu mzima akimwambia mtoto afiche jambo la afya, mtoto amkatalie kwa adabu, kisha akamwambie mtu mzima mwingine. Si utovu wa heshima huo. Sikia vizuri, maana sitasema mara mbili, pumzi yangu bado ni ya kukopa."

Mama alimpigia simu Mzee Erasto, akasema jirani aruhusiwe kupuliza. Lakini wiki mbili zilikuwa zimepita. Mzee Erasto alijibu kwamba maua ya mikorosho iliyo karibu na nyumba yalikuwa yameshageuka meusi. Yaliyobaki ni yale yaliyochelewa kuchanua.

Walirudi kijijini mwishoni mwa Julai. Kabla Bibi hajaingia ndani, Mama na Dorika waliyatoa makopa yote. Bibi alisema labda yale yasiyo na kuvu nyingi yakwanguliwe. Mama alisema, "Hata moja," akafunga kitambaa puani, akayafukia shimoni. Matambara yakatolewa dirishani. Mwanga uliingia mpaka ukutani, ukaonyesha ukuta ulivyokuwa na madoa, nao wakausugua na kuuacha ukauke. Mihogo mipya ilimenywa na kuanikwa kwenye uchanja mrefu zaidi, kipande mbali na kipande, na Dorika alipewa kazi ya kuvunja kimoja kila jioni kuona kama kati pamekauka. Kama hapajakauka, hakiingii ndani.

Jioni ya pili Bibi alimtuma Khalidi amwite babu yake. Mzee Ashiru alikuja na kusimama mwanzo wa uwanja, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuvuka.

"Hodi, Mama Flora," alisema, akimwita Bibi kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Karibu, Baba Somoe," Bibi alimjibu, naye akimwita kwa jina la mwanawe. "Karibu ukae."

Alikaa. Bibi akaanza kuzungumza. Alizungumza habari za barabara ya Masasi. Akazungumza habari za chumvi ya hospitali. Akasema kuku mweupe wa Ashiru anapenda kutaga kwenye jiko lake.

"Mama Flora," Mzee Ashiru alisema, "umeniita nije kusikiliza kesi ya kuku?"

Khalidi alicheka. Dorika hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya Bibi, na alijua kwamba asiposema sasa, kesho itakuwa vigumu zaidi. Alitoka mbele, akapiga goti.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, sikukuona. Siku ile nilisikia mashine tu. Niliogopa kuulizwa habari za vidonge, nikakutaja wewe. Na mayai ya Khalidi tuliyafukia."

Mzee Ashiru alifuta macho yake mabovu kwa kiganja.

"Nilijua hukuniona," alisema. "Sikuwa na hasira na wewe. Kilichoniuma ni kwamba watu wote waliamini upesi vile." Akamwinua kwa kumshika kiwiko. "Uongo wa mtoto ni mbegu tu, Dorika. Ukiangukia kwenye shuku za wakubwa, unaota. Umesema mwenyewe bila kuvutwa, mbele ya watu. Yaliyobaki ni ya wakubwa."

Aligeuka kumtazama Bibi. Mama naye alimtazama Bibi. Hata Khalidi aliacha kuchezea kijiti.

Bibi Josephina alisafisha koo. Alivuta kanga mabegani, akaikunja, akaikunjua.

"Nilikushuku bure, Ashiru," alisema. "Magoti yaliniuma, nikaogopa uzee, nikaogopa kuwa mzigo, na ilikuwa rahisi kukulaumu wewe kuliko kusema hayo. Nimekuharibia maua yako. Nisamehe." Akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini kabisa, na haikukatika. "Kesho alfajiri kapulize yale yaliyobaki. Nitafunga dirisha. Ukimaliza, nigongee, nilifungue."